Vumbi la Tabaka na Macho ya Kwetu

Watu wa Ekerenyo walianza kusema nina madharau. Mama mmoja anayeuza ndizi karibu na kibanda changu alikuja kunisuta mbele ya wateja: amenisalimia mara tatu akiwa upande wangu wa kushoto, na mimi naendelea kushona kama vile nimesikia nzi. Nikamwambia sikumwona. Akasema mtu anayeona mshono wa shati la shule hawezi kukosa kumwona mwanamke mnene kama yeye. Wateja wakacheka, nami nikacheka. Jioni hiyo nikifunga kibanda niligonga bega kwenye mwimo wa mlango ninaoupita kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini. Niliutukana ule mlango.

Mimi ni fundi cherehani, mwenye miaka hamsini na miwili. Nashona sare za shule na majoho ya kwaya, na hasira zangu zinajulikana soko zima. Kilichonipeleka Kisii kwa daktari wa macho si bega wala mama wa ndizi, ni sindano. Uzi ulikuwa umekataa kabisa kuingia kwenye tundu, nikasema niende nikatafute miwani ya kusomea kama wazee wenzangu, nirudi kazini kesho yake.

Shangazi akasema tunakwenda wote. Huyu ni dada yake baba, aliolewa Ekerenyo kabla sijazaliwa, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Haoni. Ni miaka mingi sasa haoni, lakini hakubali kuachwa nyumbani siku ya kwenda mjini, maana anasema Kisii ni mji wa kusikiliza. Nilimkalisha kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, nikampa koti langu anishikie, nikaingia.

Daktari alikuwa binti mdogo ambaye si mtu wa kwetu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Alinitia matone, akaniwekea kidevu kwenye mashine, akaniambia nitazame taa moja mbele yangu na nibonyeze kitufe kila nikiona nukta inawaka pembeni. Nilibonyeza mara chache sana. Nilidhani mashine yao imeharibika, na nikamwambia hivyo.

"Mashine iko sawa, mzee," alisema. "Ni wewe uko na presha ya macho."

"Mimi sina presha. Nilipimwa mkono mwezi uliopita."

"Hiyo ni ingine. Hii iko ndani ya jicho. Inakula mshipa unaopeleka picha kwa ubongo, inaanzia pembeni, polepole, na haiumi. Ile imeshaenda hairudi. Ile imebaki tunaweza kulinda, ukitia dawa kila siku bila kuruka." Akachukua kalamu. "Kwenu nani alipoteza macho uzeeni?"

Nilimjibu bila kufikiri. Nikasema babu na baba, lakini asiandike hao, maana wao waliliwa macho na vumbi la mawe.

Kalamu ikasimama. Ikabidi nimweleze kile ambacho kwetu hakihitaji maelezo. Kwetu ni Tabaka. Tunachimba jiwe laini, wanaume wanalikata kwa panga na kulichonga kwa kisu, wanawake wanalisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji mpaka ling'ae, na vumbi lake jeupe limejaa kwenye nguo, kwenye uji, na kwenye nyusi za watu. Babu alichonga akapofuka. Baba alichonga, na alipofika miaka arobaini na kitu akaanza kugonga vitu kwa bega. Hapo nilijisikia nikilitaja bega, lakini sikutaka kulifuata wazo hilo nikaona linaenda wapi.

Baba aliona mwenyewe kinachomjia. Siku moja alinikuta nyuma ya nyumba na kiboko kidogo cha jiwe, yule mnyama wa mtoni, nilichokichonga kwa kisu cha jikoni. Kilikuwa kiboko kizuri, nitasema hivyo mpaka kufa. Alikichukua, akakipapasa, akakitupa kwenye shimo la machimbo, kisha akanichapa, kisha akanikumbatia, na sikuelewa lipi lilikuwa la kweli. "Hili jiwe limekula macho ya babu yako na linakula yangu," alisema. "Yako haliyapati." Jumapili iliyofuata alinipeleka Ekerenyo kwa dada yake, kwenye mashamba ya majani chai. Aliamini kutazama kijani kibichi kunatuliza macho. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka minne, alibaki, kwa sababu nyumba ililishwa na jiwe na ilihitaji mkono mmoja wa kulirithi.

Tangu hapo, kila nilipotembelea nyumbani, baba aliniita kabla sijaondoka. Alinishika viganja, akavipitisha vidole vyake polepole kutafuta unga wa jiwe. Akikosa, alisema, "Safi," na ndipo nilipewa ruhusa ya kwenda. Amefanya hivyo mpaka nimeota mvi.

Haya yote nilimweleza daktari, na alisikiliza vizuri sana.

"Kwa hivyo wewe hujawahi kuchonga?"

"Kiboko kimoja."

"Na mwingine kwenu mwenye shida ya macho? Upande wa baba? Upande wa mama?"

"Hakuna," nikasema. Nilisema kwa moyo mweupe, hilo naomba lieleweke.

Alinisindikiza nje kunionyesha dirisha la dawa. Shangazi akasikia hatua zangu, akasimama, akanyoosha koti mbele yake kuelekea mahali ambapo sikuwa. Daktari akamtazama. Akanitazama mimi.

"Huyu mama ni nani?"

"Ni shangazi."

"Wa upande gani?"

"Dada ya baba. Tumbo moja."

"Na umeniambia hakuna mwingine?"

"Lakini huyu ni wa Ekerenyo," nikasema.

Ndivyo nilivyosema, na sikuwa nafanya mzaha. Kwetu msichana akishaolewa, magonjwa yake yanahesabiwa huko alikoolewa. Akiugua, wakwe ndio wanaotafuta sababu, na sisi tunakwenda kumsalimia na sukari. Huko Ekerenyo walikuwa wamemaliza kesi yake zamani: ni moshi wa jikoni, kuni mbichi, na mama mkwe aliyekuwa hataki jiko litoke ndani. Nimemwongoza mwanamke huyu kwenda kanisani kila Sabato, mkono wake begani mwangu, na sikuwahi hata siku moja kumweka kwenye benchi moja na baba. Tabaka walikuwa na jiwe lao na Ekerenyo walikuwa na moshi wao.

Daktari alimwingiza ndani, akamwangalia macho kwa taa yake muda mrefu. "Ni ile ile," alisema. "Haya mambo iko kwa damu, mzee. Vumbi linaweza kuwasha jicho, linaweza kulikwaruza, lakini hii yenu haikutoka kwa mawe."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe niliolewa nayo! Na vile wamemlaumu marehemu mama mkwe!" Kisha akaacha kucheka ghafla, akauliza kama marehemu anaweza kuombwa msamaha.

"Uko na ndugu?" daktari aliniuliza.

"Mmoja."

"Mlete wiki hii. Ndugu wa damu ndio wako karibu zaidi na hii shida. Tukiipata mapema ataona mpaka uzee wake. Akingoja mpaka asikie kitu, atakuwa amechelewa, kwa sababu haisikiki."

"Lakini yeye ni mchongaji," nikasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu la kitu chochote.

Nilirudi Ekerenyo na chupa ndogo ya dawa na kichwa kilichovurugika. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Jiwe lilikuwa adui yangu tangu utotoni, na sasa naambiwa halina kosa. Kama halina kosa, mimi niliondolewa nyumbani kwa nini? Nilitia matone, nusu yakaishia shavuni. Kitu kimoja tu nilikielewa, kwamba mdogo wangu anaweza kuwa anapofuka wakati huu huu na hajui, na mtu wa kumwambia ni mimi.

Nilikwenda Tabaka, nikamkuta chini ya mabati, pembeni mwa machimbo, mweupe kuanzia nywele hadi kandambili. Alikuwa anachonga kiboko. Amechonga viboko maelfu kwa ajili ya wafanyabiashara na hajawahi kumwona kiboko hata mmoja aliye hai. Nilisimama mbele yake na hakuinua kichwa. Ndipo nikaona amefumba macho, na kisu kinatembea.

"Unalala na kisu mkononi?"

"Najizoeza," alisema bila kufumbua. "Saa moja kila siku. Nilianza nikiwa na miaka thelathini."

"Unajizoeza nini?"

"Unajua mwenyewe." Akafumbua macho, akalikagua shati langu safi. "Wewe uliokolewa, bro. Mimi niliachiwa jiwe. Nikasema giza lisinishike kama lilivyomshika mzee, likanikuta sijui hata mahali sikio la kiboko linaanzia."

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na rundo la mawe, anayachagua kwa kuyagusa, laini huku, magumu kule. Mama alikuwa na beseni lake na msasa wake. Niliwaambia wote watatu pamoja, kwa Kikisii, vibaya, nikaanzia mwisho. Nikasema nina ugonjwa wa macho ya baba. Nikasema shangazi anao. Nikasema daktari anamtaka mdogo wangu.

Mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Wewe wa majani chai?"

"Mimi."

"Basi huyo daktari hajui kazi. Mimi nimekula hili vumbi miaka yote, shida yangu naijua. Niende kuambiwa nini? Anionee huruma?"

"Anasema si vumbi."

"Si vumbi ni nini?"

"Damu."

"Damu!" Aligeuka kwa mama kama mtu anayetafuta shahidi. "Umesikia?"

Mama alifuta mikono kwenye leso, akaniambia, "Fundi, una sindano?" Mimi natembea na sindano kwenye ukosi siku zote. Nikampa, na uzi. Mama ana miaka sabini na mitano. Aliinua sindano kuelekea kwenye mwanga, akakunja uso, akapitisha uzi mara moja tu, akanirudishia.

"Nimesugua mawe ya nyumba hii tangu niolewe," alisema. "Vumbi nililokula linaweza kukandika nyumba. Mnasema linakula macho, nami niko hapa naona chawa kwa kuku. Mimi si wa damu yenu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Ni kweli, hatukumwuliza. Tulimwona kila siku uso wake ukiwa juu ya lile beseni, na tukaendelea kulilaumu jiwe. Nilimtazama mdogo wangu na yeye akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tuwe wadogo tulikuwa wajinga kwa pamoja.

Baba aliweka chini jiwe alilokuwa ameshika.

"Dada yangu hajashika jiwe tangu aolewe," alisema polepole.

"Hajashika, baba."

"Na wewe ulikuwa safi. Nilikuwa naangalia."

"Nilikuwa safi."

"Basi mmeipata kwangu. Nami nilikuwa nakukimbiza usiipate." Alipangusa uso kwa kiganja, akaacha mstari mweupe. "Nilikutoa nyumbani bure, mura."

Alivyoniita mura, kijana wangu, kama vile nina miaka kumi na mmoja, nilitaka kumwambia si bure, na nilitaka pia kumwambia ndiyo, ni bure, rudisha kiboko changu, nirudishie kitanda changu hapa. Nilipenda na kuchukia kwa wakati mmoja. Baba akageuza uso kuelekea sauti ya kisu. "Nenda na ndugu yako," akamwambia mdogo wangu. "Miaka yote nimeangalia mikono. Acha mtu aangalie macho."

Tulikwenda siku iliyofuata. Mdogo wangu alioga kwa ajili ya safari hiyo, na hata hivyo aliacha unga kwenye kiti cha daktari. Aliweka kidevu kwenye mashine. Nilikaa nyuma yake nikisikiliza kile kitufe, na kilikuwa kinalia kila mara, haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango. Nilijua kabla daktari hajasema.

"Hakuna kitu," alisema. "Presha iko sawa, mshipa uko sawa, pembeni unaona vizuri."

"Angalia tena," mdogo wangu akasema.

Akaangalia tena. Macho mazima.

"Kwa hivyo sina?"

"Huna. Lakini utarudi kila mwaka, kwa sababu baba yako yuko nayo na ndugu yako yuko nayo. Inaweza kuja baadaye."

"Niko nayo ama sina?"

"Huna, na utarudi."

"Sasa hiyo ni kusema nini?" Alinigeukia mimi, mkubwa wake, nimfafanulie. Nami nikamwuliza daktari, ikoje mimi nimepata na yeye amekosa, baba ni yule yule? Daktari alisema haigawanywi kama shamba, kila mwana na kipande chake. Vinasaba vya kuleta shida hii ni vingi, huyu anachukua hivi, yule anachukua vile, na mwingine anaweza kuchukua na asiugue kamwe. Hakuna anayechagua. Nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Nilielewa neno moja moja, lakini yakiwekwa pamoja yalikuwa yananiteleza.

Nje, mdogo wangu alikaa kwenye ngazi. Nilidhani atafurahi. Mimi mwenyewe nilikuwa najilazimisha kufurahi, maana ukweli ni kwamba nilimwonea wivu, wivu mbaya, wa kumwonea mtu wa tumbo letu afya yake, na niliona aibu kuukuta moyoni. Yeye alikuwa analia. Alilia kwa hasira, akipiga goti lake kwa ngumi, na watu wakawa wanatuzunguka wakipita na ndizi zao.

"Miaka kumi na tano nimefumba macho," alisema. "Kila nikimtazama mke wangu namkariri. Watoto nimewakariri mmoja mmoja. Kumbe ningewatazama tu."

Nilimshika bega.

Tuliporudi Tabaka baba alikuwa bado kwenye kigoda. Mdogo wangu alimwambia, "Yangu ni mazima," na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayekiri kosa. Baba aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akanyoosha mikono, na nikajua ananitafuta mimi. Nikachuchumaa nikampa viganja. Alivipitisha vidole vyake polepole kama kawaida, kwenye mistari, katikati ya vidole, kwenye kucha. Havikuwa na unga wowote.

"Safi," alisema.

Lakini hakuviachia. Alipapasa rundo lililo kando yake, akachagua jiwe moja dogo kutoka upande wa yale laini, akaniwekea mkononi, akanifunga vidole juu yake. Lilikuwa na ubaridi, na unga wake ukanishika papo hapo. Sikujua nifanye nini nalo. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na niliogopa kuchapwa.

"Mpe kisu," baba akasema.

Mdogo wangu akaleta kisu chake mwenyewe, kile cha mpini uliofungwa kwa mpira. Akakaa mkabala nami, akanisahihisha jinsi ya kukishika, akasema fundi wa nguo anashika kisu kama mkasi, akanichekesha kidogo. Kisha akasema, "Sasa fumba macho."

Hasira ikanipanda. Nikamwambia mimi si kipofu, nina dawa, daktari amesema yaliyobaki yatalindwa. Nikamwambia bado naona.

"Najua," alisema. "Mimi pia nilianza nikiwa naona."